Mungu wa Gunia

Sikieni, watu wa Kataboi, ninyi mnaoishi kati ya Ziwa Turkana na jangwa. Na ninyi wa Kalokol, Lodwar na Kakuma, mliozoea kuulizwa dini kabla ya kuulizwa kama mmekula. Neno hili ni lenu, na ni la hao wanaowauliza.

Kuna tabia imekaa kwetu hata imekuwa kama mila. Lori la mahindi likiingia kijijini, daftari hutangulia gunia. Huandikwa aliyebatizwa, huandikwa anayehudhuria ibada, huandikwa ambaye mchungaji anamjua kwa jina. Mama aliyetembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, huambiwa arudi akishaokoka. Wiki inayofuata ameokoka. Mwezi unaofuata wanakuja wengine na maharagwe na turubai, naye anaokoka tena kwa jina jingine. Tunapiga makofi, tunapiga picha, tunaandika ripoti kwamba nafsi nyingi zimempokea Bwana. Ni uongo. Mnajua ni uongo, ninyi mliopiga picha na ninyi mliopigwa.

Nasema kwanza na wagawaji, maana katika jambo hili dhambi ya aliyeshiba ni kubwa kuliko ya mwenye njaa. Mnamhubiri Yesu. Basi mtazameni, naye alikuwa kando ya ziwa, kati ya wavuvi. Aliwalisha watu elfu tano bila kumuuliza mmoja wao anasali wapi. Kesho yake walipomfuata ng'ambo, aliwakemea usoni kwamba wanautafuta mkate, hawamtafuti yeye. Wengi wakamwacha. Hakuwakimbilia, hakuwatishia kwamba hawatakula tena. Akawageukia hata wale kumi na wawili akawauliza kama nao wanataka kwenda zao. Aliuacha mlango wazi mbele ya wanafunzi wake mwenyewe! Ninyi mmeufunga, na ufunguo mmeutundika kwenye ghala.

Mtaniambia Yoshua aliwaambia Israeli wachague. Ndiyo, aliwaambia, kule Shekemu. Lakini someni vizuri aliwaambia lini. Mana ilikuwa imekoma zamani, tangu Gilgali. Watu walikuwa na mashamba, mizabibu na visima. Hakuna aliyekuwa akingoja mgao kutoka mkononi mwa Yoshua. Na walipoitikia haraka kwamba watamtumikia Bwana, aliwazuia, akawaambia hawawezi, maana Mungu huyo ni mtakatifu na mwenye wivu. Hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyomweka mwenzake mbele ya Mungu. Nionyesheni mhubiri mmoja katika krusedi zetu za Lodwar aliyewahi kumwambia mtu afikiri tena kabla hajainua mkono.

Mnauliza kama mwanadamu anaweza kujichagulia Mungu wake. Nawajibu. Moyo hauamini kwa kuamriwa, hata na mwenye moyo. Jaribu wewe mwenyewe usiku huu kuamini jambo ambalo akili yako inalikataa, uone kama utaweza kwa kuwa umeahidiwa debe la mahindi. Huwezi. Tunaloweza kuchagua ni kutafuta au kuacha kutafuta, kusikiliza au kuziba masikio, kukaa au kuondoka, kusema kweli au kujifanya. Ikiwa mtu mwenyewe hana amri juu ya imani yake, mwenye ghala ameitoa wapi? Anachonunua kwa unga wake ni ulimi tu. Na ulimi ukishazoea kumdanganya Mungu hadharani, ni vigumu sana kuurudisha kwenye kweli.

Tusisahau tulikotoka. Serikali ya mkoloni iliifunga Turkana kwa miaka mingi, na wamishonari hawakuruhusiwa. Ni njaa kuu ya mwaka 1961 iliyoufungua mlango, wakaja mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland na watu wa Africa Inland Mission, na chakula kikaja pamoja nao. Siwatukani. Wako watu hai leo kwa sababu ya uji ule, wako wasomi kwa sababu ya shule zile, na Jimbo la Lodwar lililozaliwa mwaka 1978 limechimba visima mahali ambapo serikali haikufika. Lakini tangu mwaka ule wa njaa tumejifunza somo ambalo huenda hakuna aliyekusudia kulifundisha: kwamba Mungu huja na lori, na lori likiondoka ameondoka. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo. Mifugo ikalala chini. Je, tulikuwa tukimngoja Mungu, au lori?

Na ninyi wapokeaji, msijifiche nyuma ya njaa yenu. Mwenye njaa na ale. Hilo si kosa, na asiyemlisha ndiye atakayehukumiwa. Lakini wako kati yenu walioshiba ambao bado wanauza majina. Mwanamume ana duka, ana bodaboda mbili, na ameandikwa katika makanisa matatu ili asikose kitu. Wako viongozi wanaokaa kiti cha mbele Jumapili, kisha usiku wanampelekea mbuzi emuron, mwaguzi wa ndoto, ili awaotee kama watashinda uchaguzi. Kama unamwamini emuron, mwendee mchana, watoto wako wakikuona. Kama humwamini, acha mbuzi wake malishoni. Usimfanye Akuj, Mungu wa baba zako, kuwa kitu cha gizani na Kristo kuwa nguo ya Jumapili. Wazee waliokaa kwenye baraza la akiriket, nyama ya dhabihu mbele yao, walimwomba Akuj mvua kwa sauti, na watu wakaitikia kwa sauti. Hakuna aliyelipwa ili aitikie.

Wazee wangu, nanyi mnisikie. Kwetu mwanamume huzaliwa katika kundi la Ngimor au la Ngirisae, kinyume cha baba yake, wala haulizwi. Mmedhani na Mungu hurithiwa hivyohivyo. Kijana akirudi kutoka Lodwar akasema anataka kuswali msikitini, au binti akikataa kupakwa matope kwenye tambiko, mnatishia laana, mnazuia ng'ombe wa mahari. Laana ya mzazi si kitu cha kuchezea, na mnajua inavyoogopwa. Kwa hiyo mnapoitumia kumfunga mtoto asiseme anachoamini, mmefanya lilelile la mwenye ghala. Yeye hushika tumbo, ninyi mmeshika hofu. Waislamu wa Kakuma wanasoma katika Sura ya Al-Baqara kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Hata hivyo, katika kambi ya wakimbizi ya huko, mtu anayeiacha dini ya nduguze, iwe ipi, anajua kwamba anaacha na ulinzi wao.

Tumeona mwisho wa njia hii. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliofunga hadi kufa wakiamini watamwona Yesu. Watoto walikuwamo. Huku chakula hutolewa ili mtu aamini, kule kilizuiwa ili aamini. Mwenye kulishika tumbo la mwenzake ili aitawale nafsi yake ni mmoja, awe pwani au awe ziwani.

Katiba ya 2010 imelisema hili bila kuzunguka. Ibara ya 8 inasema nchi haina dini ya serikali. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, inakataza mtu kunyimwa kazi, huduma au haki yoyote kwa sababu ya dini yake, na inakataza kumlazimisha atende kinyume cha imani yake. Kwa hiyo daftari lile haliko kinyume cha Injili peke yake.

Basi lichomeni. Ninyi wachungaji, makatekista, maimamu na wafanyakazi wa mashirika, mgao unaofuata Kataboi uandikwe kwa njaa: nyumba hii ina watoto wangapi, nani anayenyonyesha, nani kipofu, nani ambaye mtumbwi wake ulichukuliwa na ziwa. Safu ya dini ifutwe kabisa katika karatasi hiyo. Wa Akuj apate sawa na mlokole, Mwislamu sawa na Mkatoliki, na yule asiyejua bado anaamini nini apate sawa nao wote. Kanisa lenu litapungua watu Jumapili ile. Liacheni lipungue. Watakaokuja bila kuitwa na gunia, hao ndio mliokuwa nao siku zote.