Kando ya Mto Ni ya Nani?

Kuna ulizo moja ambalo wazee wetu walilijibu bila kukawia, na sisi leo, pamoja na masomo yetu yote, linatushinda: kando ya mto ni ya nani? Sisemi maji yenyewe. Maji kila mtu anajua kwamba yanapita. Nasema ule udongo unaofuatana na maji, pale matete yanapoota, pale mto unapopanda siku mvua imenyesha sana kule juu.

Tuchukue mfano wa Uvira. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mito inayoukata, kama vile Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inatelemka kwa nguvu juu mlima uko karibu sana na ziwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulitoka ndani ya njia yake ukabomoa maelfu ya nyumba, na watu zaidi ya 40 wakakufa. Na ni Mulongwe huohuo Regideso inatolea maji ya kunywa ya mji. Vyombo vyake viliharibika, watu wengi wakarudi kuchota ziwani, na hapa kwetu kipindupindu ni mgeni asiyeaga. Miaka 3 kisha, tarehe 4 Mei 2023, ikawa zamu ya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanasema ni hali ya hewa imebadilika. Mvua kali ni kweli zipo, sibishani na mtu. Lakini mvua haikupima parseli ndani ya njia ya mto, na Mungu hakutia sahihi kwenye papie ya kuiuza.

Zamani katika vijiji vyetu vingi kulikuwa mizio. Miti mikubwa ya kwenye chemchem haikukatwa. Pahali fulani pa mto hapakulimwa, hapakujengwa, hapakuchungwa. Mwenye kuvunja aliambiwa atapata ugonjwa, ao mvua itakatika juu yake. Vijana waliosoma wanachekelea mambo hayo, wanasema ni woga tu. Mimi naona woga ulikuwa ganda, kiini kilikuwa kingine: mzio haukuwa na bei. Hakuna aliyeweza kusema, nipe mbuzi 2 nikuruhusu kukata mti wa chemchem. Shamba, ndiyo, lilikuwa na taratibu zake. Kule Bushi mtu alitoa ng'ombe wa kalinzi ili apate pa kulima, yeye na watoto wake. Lakini kalinzi ilifunga watu wawili katika ujamaa, na haikugeuza kila pahali kuwa bidhaa. Kulikuwa na udongo wa kupewa, na kulikuwa na udongo wa kuachwa.

Kisha ikaja sheria ya Julai 1973, ikasema ardhi yote ni ya leta, nayo leta haiwezi kuipoteza. Kodi ya misitu ya Agosti 2002 ikaongeza kwamba ni marufuku kukata miti kwa metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchem. Katiba ya 2006 nayo ikasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi. Ukisoma vizuri, sheria inasema karibu lile lile walilosema wankambo. Basi juu ya nini mzio ulishika na sheria haishiki? Jibu langu ni hili: kwenye sheria tumeweka mlango wa nyuma, na mlango ule una bei. Mkono mtupu haulambwi. Njo maana unakuta mtu na papie yenye kashe safi juu ya parseli ambayo mwenyewe ni mto. Siku mto unarudi kwake, hauulizi papie.

Sasa, tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Watu walikuwa wachache, na kuacha udongo ni rahisi kwa mwenye udongo mwingi. Tena kwenye barza walikaa wanaume. Mama aliyepanda na mtungi asubuhi na jioni, aliyejua mto kuliko wote, hakuulizwa. Kwa hiyo sisemi turudishe ya zamani kama yalivyokuwa.

Kuna pia jambo linalouma zaidi. Wengi wanaojenga kando ya mto wamekimbia vita, wametoka milimani ao kwenye uwanda wa Ruzizi na watoto mgongoni. Wanajua hatari, lakini pale njo bei ndogo walipata. Ukimwendea mama wa namna hiyo na kumwambia "hapa ni mzio", bila kumwonyesha pa kwenda, unamfukuza mara ya pili. Mzio wa kweli uligusa wote. Ukigusa paka maskini, hiyo ni fitina.

Na yule wa kule juu anayekata miti? Tunapenda kumlaani. Lakini makala anayochoma anaipeleka wapi? Inatelemka mpaka kwenye mbabula zetu. Sisi wa chini tunanunua msitu kwa mfuko mmoja mmoja, kisha tunashangaa udongo wake unatufuata. Hakuna anayeweza kusema kosa ni la wa juu peke yake. Maji ya Kalehe yanaingia Ziwa Kivu, yanatoka na Ruzizi, yanapita Tanganyika, yanatoka na Lukuga pale Kalemie kwenda Lualaba. Kila mmoja wetu ana mtu wa juu yake anayeweza kumwumiza, na mtu wa chini yake anayeweza kuumizwa naye.

Jibu langu basi: kando ya mto ni ya yule wa chini, ambaye hatumwoni. Sisi tumewekwa kumlindia, na kitu cha kulindishwa hakiuzwi, hata na aliyepewa kashe. Mabarza yetu yakae, safari hii wamama wakiwa ndani, yataje kwa majina pahali ambapo hapatauzwa tena, na kila mtu apajue. Mianzi na matete virudishwe. Wenye kuhamishwa waonyeshwe kwanza pa kujenga. Na kazi ya kubomoa, kama lazima ifanyike, ianze na zile nyumba za gorofa zenye ukuta, ambazo wenyewe walikuwa na namna ya kujenga pahali pengine. Siku watu watakapoona mkubwa ameondoka kando ya mto, hapo wataamini kwamba mzio umerudi.