Msiba Una Siku Mbili

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa msiba una siku mbili: siku ya kilio na siku ya kujenga. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Misaada ya chakula ilifika. Lakini chakula huliwa kikaisha. Kheri iliyobaki ni zile nyumba 109 walizojengewa waathirika huko Waret.

Nanyi wa Musoma na Bunda, mliliona ziwa lilivyopanda mwaka 2020. Mwenye kumlisha aliyefurikiwa, kisha akamwacha ajenge palepale majini, amemlisha leo ili amlilie kesho. Basi toeni fungu la chakula na fungu la msingi. Hiyo ndiyo sadaka yenye kudumu. Wabillahi taufiq.