Shomoro wa Tano

Somo: Luka 12:6-7



Mtu akiziweka pamoja habari za Mathayo na za Luka, huona jambo dogo la sokoni. Katika Mathayo 10:29 shomoro wawili wauzwa kwa pesa moja. Katika Luka 12:6 shomoro watano wauzwa kwa pesa mbili. Hesabu yataka wanne tu. Basi huyo wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza. Mama auzaye machungwa kando ya barabara hapa Kingolwira aijua sana desturi hiyo: ukinunua mafungu mawili, hukuongezea chungwa moja, wala halihesabu katika bei. Ndivyo alivyokuwa shomoro wa tano. Hakuwa na bei yake mwenyewe, maana shomoro ni wengi, na wote wafanana. Na hata yeye, kwa neno la Bwana wetu, hasahauliki mbele za Mungu.

Tulishike neno hilo, kwa kuwa tutalihitaji katika kulijibu swali moja ambalo vijana wetu waliosoma elimu ya nyota hutuuliza. Wao husema: Ikiwa ulimwengu hauna mwisho, je, si lazima iwepo mahali pengine dunia nyingine kama hii, yenye Kingolwira yake, na milima ya Uluguru yake, na mtu aliye kama mimi kwa sura na kwa jina? Swali hili si upuzi, wala halikuulizwa kwa dhihaka. Tulisikilize kwanza, ndipo tulijibu.

Tazameni bao wanalolicheza wazee chini ya mwembe. Lina mashimo 32 na kete 64. Ukitaka kujua kete hizo zaweza kugawanyika katika mashimo kwa namna ngapi, utapata hesabu iliyo karibu na 1 yenye sifuri 25 nyuma yake. Mtu angalipanga namna moja kila sekunde tangu mwanzo wa ulimwengu, mpaka leo asingalifika hata sehemu moja ya milioni ya kazi hiyo. Walakini hesabu hiyo, ijapokuwa kubwa, ina mwisho. Basi kama yangalikuwako mabao yasiyo na mwisho, na kete zikitupwa humo ovyo, namna moja isingalikosa kuonekana tena, na tena, na tena. Kitu chenye hesabu, kikijaribiwa mara zisizo na hesabu, hurudi.

Wataalamu wengine husema ya kwamba ulimwengu nao ni hivyo. Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana, na katika nafasi yenye mpaka chembe hizo zaweza kupangika kwa namna nyingi mno, lakini si kwa namna zisizo na mwisho. Mwaka 2003 mtaalamu Max Tegmark aliandika ya kwamba, ikiwa anga haina mwisho, na vitu vimetawanyika humo kila mahali kwa kanuni moja, haina budi kuwapo dunia iliyo sawasawa na hii yetu. Umbali wake, kwa hesabu yake, ni mkubwa hata tarakimu zake hazingeenea katika vitabu vyote vya duniani. Jambo hili halikuthibitishwa. Nuru ya kale kuliko zote tuipokeayo imesafiri kama miaka bilioni 13.8, na ng'ambo ya hapo hakuna jicho lifikalo. Ni neno la "ikiwa". Wala Mkristo hana haja ya kuliogopa. Yohana 1:3 yatufundisha ya kwamba hakuna kilichofanyika pasipo yule Neno. Basi zikiwapo dunia nyingine, Bwana wake ni yeye yule.

Lakini swali hilo huzaa maswali mawili mengine, nayo huugusa moyo. La kwanza ni hili: Kama walio mfano wangu hawana hesabu, mimi nina thamani gani? La pili: Kama kila liwezekanalo hutendeka mahali fulani, kosa langu ni nini, na toba yangu ni ya nini?

Kwa la kwanza, tuutazame mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto vya mkonge 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika hai vilikuwa 62 tu, na hivyo ndivyo mwanzo wa mashamba ya katani ya nchi yetu. Mkonge wa shambani haupandwi kwa mbegu. Ukizeeka huchipusha mlingoti, na juu yake hutokea vitoto ambavyo ni mmea uleule wa mama yao. Kwa hiyo ukisimama penye shamba la katani katika mkoa wetu wa Morogoro, waona kama mmea mmoja uliorudiwa mara maelfu. Hata hivyo, ukikata jani la mkonge huu, ule wa pili hautoki utomvu. Mmoja ukikauka, jirani yake haukuufia. Kufanana si kuwa mmoja. Kila mkonge una udongo wake, na jua lake, na siku yake ya kukatwa.

Hapo ndipo tumrudie shomoro wa tano. Sokoni kitu hupendwa kwa kuwa ni haba. Kikizidi, hushuka bei, na mwisho hutolewa bure. Sisi twadhani Mungu naye hupenda hivyo, nasi twaogopa tusije tukawa wengi mno. Lakini Bwana hakuchagua ndege wa ajabu asiyeonekana ila katika mlima mmoja. Alimchagua ndege aliye mfano wa wenzake wote, ambaye hata muuzaji hakumhesabu, akasema Mungu amkumbuka. Upendo wa Mungu haukutoka katika uhaba wetu. Ndiyo sababu Martin Luther, alipoieleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alianza kwa kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye mwenyewe, ndipo akavitaja viumbe vyote. Hata dunia ziwe kama mchanga, neno hilo "mimi" lasimama palepale.

Kwa swali la pili, tumsikilize Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini. Zamani zake walikuwako wenye hekima waliosema ya kwamba nyakati huzunguka kama gurudumu, hata Plato atafundisha tena Athene, katika shule ileile, mbele ya wanafunzi walewale, mara zisizo na mwisho. Augustino aliwajibu katika kitabu cha 12 cha kazi yake iitwayo Mji wa Mungu. Jibu lake lilikuwa ya kwamba Kristo alikufa mara moja kwa ajili ya dhambi zetu, naye amefufuka, hafi tena. Wokovu wetu si mchezo wa kete zinazorudi. Ni tendo lililotendeka, lina mahali pake na siku yake.

Hapa kwetu Kingolwira pana gereza. Fikirini mtu aliyefungwa humo kwa haki, kwa kuwa alimwua mwenziwe kwa hasira. Usiku hulala akisema, "Laiti! Laiti nisingalilishika panga lile!" Je, mtu akimwendea akamwambia, "Usihuzunike, katika dunia nyingine wewe hukulishika," amempa nini? Yule wa huko hana haja ya kusamehewa. Na huyu wa hapa bado hajasamehewa. Mjane wa aliyeuawa yupo hapa. Watoto wake wanalala na njaa hapa. Hakuna dunia ya mbali iwezayo kuwapa chakula, wala kuiosha mikono iliyotenda. Basi faraja ya namna hiyo ni kivuli cha mti usiokuwapo.

Bali Injili humwendea huyu wa hapa. Daudi katika Zaburi ya 51 hakusema juu ya Daudi mwingine; alisema makosa ni yangu. Na mnyang'anyi msalabani hakuambiwa habari ya maisha ambayo angaliweza kuishi. Aliahidiwa Paradiso kwa ajili ya yeye aliyekuwa akining'inia pale, tena siku ileile. Lililotendeka halifutiki kwa kudhani kwamba kwingine halikutendeka. Huondolewa na yeye aliyelichukua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiwe kama muuzaji asiyemhesabu wa tano. Yuko mfungwa ambaye watu wa kwao wameacha kulitaja jina lake. Yuko kizee ambaye katika ushirika twasema tu "na wengine". Yuko mtoto wa saba katika nyumba yenye chakula cha watatu. Mwezi huu, kila mmoja wenu amtafute mmoja wa hao, amwite kwa jina, aketi naye. Na wewe uliye na deni la toba, usilipeleke dunia nyingine. Mtu uliyemkosea akaa hapahapa. Nenda kwake kabla jua halijatua.

Ee Bwana, wewe uzijuaye nyota kwa majina, utujue na sisi. Utusamehe tuliyoyatenda, si tuliyoyadhani. Utufundishe kuwakumbuka uwakumbukao wewe. Amina.