Je, Wewe Mwenyewe Umepita?

Je, mtu ana haki ya kumwekea mwenzake kikwazo ambacho yeye mwenyewe hajakivuka? Swali hili nimelipata kwenye gemu ya simu, Geometry Dash. Msicheke kwanza.

Gemu hiyo ilitengenezwa na Robert Topala wa Sweden, ikatoka mwaka 2013. Kiboksi kinakimbia chenyewe, muziki unapiga, na kazi yako ni kugusa kioo ili kiruke miiba. Ukigonga mara moja tu, unarudi mwanzo. Lakini levo nzuri ninazozipenda hakuzitengeneza yeye. Zimetengenezwa na wachezaji wenyewe, na kwao kuna sheria moja: huwezi kuitoa levo yako kwa watu mpaka uipite wewe, toka mwanzo hadi mwisho, bila kufa. Ipo njia ya mazoezi, ambapo ukifa unaendelea pale ulipoweka alama, ila hiyo haihesabiki.

Mimi naona hapo kuna heshima. Hata ukikwama mara mia, unajua njia ipo, hujadanganywa. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaoishi kwa foleni na fomu tunaelewa vizuri.

Lakini je, inatosha? Hapana. Aliyejenga levo anajua kila mwiba uko wapi, na vidole vyake ni vyepesi. Yeye kupita si ushahidi kwamba wewe utapita. Kijana anaweza kusimama juani saa tano akasema, "Mbona mimi nimeweza?" Bibi aliye nyuma yake atajibu nini?

Ndiyo maana napenda pia walichofanya wachezaji wa Celeste, gemu ya mwaka 2018. Mwaka 2023 walitoa mkusanyiko unaoitwa Strawberry Jam, levo zaidi ya 100 za watu mbalimbali. Wamezipanga makundi matano, toka wanaoanza mpaka mabingwa, na kuna vyumba vya kujifunzia mbinu kabla hujakutana nazo. Hapo mjenzi hajiulizi tu kama yeye anaweza. Anajiuliza nani anakuja, na amefundishwa nini.

Mtu ataniambia: gemu ni gemu, ukichoka unazima simu. Kweli kabisa. Na hapo ndipo uzito ulipo. Kama anayejenga kwa ajili ya watu wanaoweza kuzima anadaiwa kupita kwanza, je, anayejenga kwa ajili ya watu wasioweza kuzima anadaiwa kiasi gani?

Ndugu zangu mnaofanya kazi na sisi, siwasemi ninyi peke yenu. Sisi pia ni wajenzi. Kiongozi anayepanga zamu ya maji anajenga. Baba anayetaja mahari anajenga. Fundi anayemtesa mwanafunzi wake "kwa sababu hata mimi niliteswa" naye anajenga, na huyo alipita kweli, ila alichojifunza ni kuongeza miiba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kabla hujaweka utaratibu, upite mwenyewe, bila kitambulisho cha kazi shingoni, bila mtu wa kukusogeza mbele. Halafu upite tena ukiwa pamoja na bibi, kwa mwendo wake yeye.