Bastola Isiyo na Risasi Ufuoni mwa Ziwa Turkana

Katika filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles mwaka 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001, kuna tendo dogo ambalo mtazamaji hulipita upesi, ingawa ndilo linalobeba swali zito kuliko yote katika hadithi hiyo. Justin Quayle, mwanadiplomasia wa Uingereza jijini Nairobi, ameketi ufuoni mwa Ziwa Turkana, pale mkewe Tessa alipouawa kwa kuchunguza majaribio ya dawa ya kifua kikuu waliyofanyiwa wagonjwa maskini wa Kenya. Anajua kwamba wauaji wako njiani, na bastola anayo, lakini badala ya kuikoki anazitoa risasi zake. Je, mtu anayejivua silaha mbele ya wauaji amejiua, au ameuawa?

Jibu jepesi ni kwamba Justin ni mpole tangu mwanzo, mtu wa kupalilia maua katika bustani ya aina ile iliyozizunguka nyumba za zamani za Westlands kabla ghorofa hazijazimeza, na kwamba mpole hufa kipole. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa Justin anayefika Turkana si yule wa bustani: amepita London, Berlin na Sudan akiufuata ushahidi wa mkewe, amewakabili wakubwa zake, na amekwisha kuzituma nyaraka mahali ambapo hawawezi kuzizima. Tendo lake ni uamuzi, na uamuzi hupimwa kwa nia.

Kanisa la kale la Afrika Kaskazini lililijadili swali hili la nia mbele ya kifo kwa uchungu mkubwa. Sipriani, askofu wa Karthago, alijificha wakati wa mateso ya Kaisari Desio mwaka 250, akafundisha kwamba Mkristo hapaswi kwenda mwenyewe kwa watesi wake, kisha mwaka 258, alipokamatwa, akakubali kuuawa bila kupinga. Karne moja baadaye walitokea Wasirkumselioni, kundi lenye uhusiano na Wadonati, yaani Wakristo waliojitenga na Kanisa kuu, ambao baadhi yao walikitafuta kifo kwa makusudi wakidhani ni njia ya kupata taji la mbinguni. Agostino wa Hippo aliwapinga vikali, akishikilia kwamba amri ya kutoua inamlinda mtu hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Qurani nayo inakataza mtu kujitia katika maangamizo, lakini katika sura ya Al-Maida inamsimulia kwa heshima yule mwana wa Adam aliyemwambia nduguye kwamba hatamnyooshea mkono wa kumuua hata yeye akinyooshewa. Kwa pande zote mbili, basi, kukitafuta kifo ni kosa, ilhali kukataa kuua, hata kama gharama yake ni kifo, kunaweza kuwa utiifu.

Hapa wanafalsafa wanaofuata mapokeo ya Thomas Akwino hutenganisha mambo mawili: tokeo lililokusudiwa, ambalo mtu analitaka na kulitendea kazi, na tokeo lililotabirika tu, ambalo mtu analiona likija lakini si lengo lake. Mwenye kujiua hukitaka kifo chenyewe. Anayezitoa risasi anaweza kuwa anataka jambo jingine kabisa, yaani mkono wake usimwage damu, wala ya wauaji wa kukodiwa wala yake mwenyewe, kwani bastola tupu haimruhusu hata kujipiga.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloifungua filamu, maana katika ibada ya mazishi taarifa rasmi inadai kwamba Justin alijiua, ilhali mwili wake umepigwa risasi za bunduki ambazo si zake. Uongo wa namna hiyo Kenya inaujua. Padre John Kaiser, mmisionari Mmarekani aliyekuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila, alikutwa amekufa karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000, bunduki ikiwa kando yake. Wachunguzi wa FBI wakahitimisha kwamba alijiua, maaskofu wakakataa, na ilipofika Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padre huyo aliuawa. Kwa miaka saba silaha iliyolala kando ya maiti ilisemeshwa neno ambalo marehemu hakuwapo kulikanusha. Kudaiwa kwamba alijiua kuliumiza zaidi katika nchi ambayo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai, mpaka Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025. Bastola ya Justin haiwezi kusemeshwa hivyo, kwa sababu ni tupu, na utupu wake unamshuhudia kwamba hakuna risasi iliyotoka mkononi mwake.

Hata hivyo, hoja hii inamtetea kwa tendo la kuzitoa risasi, haimtetei kwa safari. Justin ndiye aliyeomba ndege imshushe mahali pale, na nyaraka zilikuwa zimekwisha kwenda, kwa hiyo kubaki kwake hakukuongeza chochote katika ushahidi. Sipriani angemwambia ajifiche. Filamu inalikwepa swali hili kwa kumleta Tessa katika njozi akae kando yake na kuzungumza naye, na hapo upendo unakipamba kifo kwa namna ambayo Agostino asingeikubali, kwa kuwa hamu ya kuungana na marehemu iko karibu mno na kukitaka kifo chenyewe. Mtu huyohuyo, basi, anaweza kuwa hana hatia kwa kile alichokifanya na bastola, na bado akawa na la kujibu kwa kumwambia rubani amwache ufuoni na kuondoka.