Ng'ombe wa Babu

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: ukijivunia ushujaa wa babu yako, ambao hukuushiriki, utaikataaje aibu yake?

Swali hili lilinianza sekondari, tulipofundishwa habari za Wamazrui wa Mombasa. Wareno walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na baadaye Wamazrui kutoka Omani wakawa maliwali. Miaka ya 1740 utawala ulipobadilika kwao Omani, wakakataa kutii, wakajitawala. Lakini hawakuwa wafalme wa kufanya watakavyo. Mombasa ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na liwali asiyeelewana na wazee wa Tisa Taifa na Tatu Taifa hakuwa na lake. Mwaka 1837 Seyyid Said akawashinda. Wakubwa wao wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena.

Historia ya ukoo huo iliandikwa kwa Kiarabu na mtoto wao, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa kweli si kazi ndogo. Ukoo ule una mashujaa, lakini pia una liwali Ali bin Athman, aliyeuawa na jamaa yake mwenyewe vitani Unguja. Una mashamba ya Takaungu yaliyolimwa na watumwa. Mwenye kulichukua jina hilo hawezi kuchagua nusu.

Ukoo wangu hapa Ilongero hauna ngome wala jahazi. Una babu. Wakati wa Mwingereza alikuwa karani wa kodi, na sifa yake ni kwamba aliwasomesha baba zetu. Nimeanza kuandika riwaya juu yake. Basi katika kuulizauliza, bibi mmoja akaniambia kwamba ng'ombe wa kwanza wa zizi letu alichukuliwa kwa mjane aliyekosa shilingi za kodi. Ng'ombe yule serikalini hakufika.

Nikamweleza baba mdogo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, andika, lakini hilo liache. Wewe utakwenda zako Dar na kitabu chako, sisi tunabaki na majirani. Na marehemu hana mdomo wa kujitetea."

Sikuwa na jibu. Ana haki yake, maana kalamu nayo inaweza kuonea kama kodi ilivyoonea.

Lakini usiku nikawaza: jamani, tunamficha nani? Wajukuu wa yule mjane wanajua, walisimuliwa na wazazi wao. Tusiojua ni sisi tu, tuliokunywa maziwa.

Kwa hiyo nitaandika. Ila kabla ya sura hiyo nitakwenda kwanza kwa wajukuu hao, nikae, niwasikilize. Na baba mdogo nitamwomba tuongozane, maana ng'ombe yule alimsomesha yeye kabla hajanilea mimi.