Kazi Iliyokuwapo Kabla ya Dhambi



Vijana wetu wa sekondari wanajua kueleza uchafuzi wa maji hata ukiwaamsha usiku wa manane. Lakini ibada ikiisha, chupa za plastiki hubaki chini ya mwembe, na mvua huzisomba hadi mtoni, kule kule wachotako maji mama zao. Mifuko ya plastiki Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Chupa ziliachiwa dhamiri zetu. Shuleni, kuokota taka ni adhabu ya wachelewaji, ndiyo maana vijana huiona aibu. Tusome Mwanzo 2:15: Adamu alikabidhiwa bustani kuitunza angali hajatenda dhambi. Ilikuwa heshima. Enyi vijana, Jumamosi tutakuwa mtoni saa mbili asubuhi. Njoni na magunia.